Mkato kati ya Mwita na Chacha

Siku yangu ya kwanza kazini niliishtaki mvua.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, mjini Homa Bay, katika chama cha akiba na mikopo ambacho sitakitaja kwa jina kwa sababu baadhi ya wakubwa wangu wangali hai na masikio yao hayana kasoro. Niliajiriwa karani wa masjala, yaani mtunzaji wa faili. Nilifika mapema, nimevaa viatu vya dada yangu, nikakuta sakafu imejaa maji. Mvua ilikuwa imepiga kutoka upande wa ziwa, dirisha moja halikuwa na kioo, na faili za wanachama zilikuwa zimelowa chapachapa.

Mkubwa wa masjala, Bwana Elija Obonyo, alikuwa ameshaanza kuzianika. Alikuwa mtu wa Rusinga, mrefu, mzee wa kanisa la Sabato, mwenye suti moja ya kahawia aliyoipiga pasi hadi ikang'aa magotini. Kila karatasi aliiwekea jiwe juu ili upepo usiibebe. Mawe yenyewe aliyaokota mlimani Asego na kuyaosha kwa sabuni. Yalikaa katika karai chini ya meza yake, na ole wako uchukue moja kuzuilia mlango.

"Nyar Karachuonyo, karibu," aliniambia, yaani binti wa Karachuonyo, kwa maana alikuwa ameuliza nyumbani kwetu ni wapi kabla ya kuuliza jina langu. "Chukua ile daftari nyekundu, andika hii maneno."

Lilikuwa Daftari la Makosa. Lilikuwa na safu tatu: tarehe, kosa, aliyekosa. Mbili za kwanza hazikunisumbua. Kwenye ya tatu kalamu ikasimama.

"Baba, sasa nani amekosa hapa?"

"Andika ile umeona."

Nikaandika: Mvua.

Saa nne Meneja wa Tawi aliniita. Daftari lilikuwa wazi mbele yake, na kidole chake kilikuwa juu ya neno langu.

"Mvua tuliajiri lini?" aliuliza. "Iko na barua ya kazi? Hapa tunaandika jina ya mtu, madam."

Bwana Elija aliingia bila kuitwa, mikono bado ina maji, akasema, "Bwana Meneja, andika mimi. Dirisha ni ya masjala, na masjala ni yangu." Meneja akafuta mvua kwa wino mwekundu, akaandika Obonyo. Mwezi ule Bwana Elija alikatwa mshahara. Hakunisema hata mara moja, wala hakunisimulia kwamba kioo kile alikuwa amekiomba kwa barua mbili. Hizo barua nilizikuta mwenyewe baadaye nikipanga faili, na ziliniuma sana.

Hapo ndipo kazi yangu ya kweli ilipoanzia. Nyinyi mnaoifanya leo kwa kompyuta mnaiita kuainisha hatari za uendeshaji, yaani kuyapanga katika makundi mambo yanayoweza kuiangusha ofisi katika kazi zake za kila siku. Sisi hatukuwa na jina hilo. Tulikuwa na neno kosa, na neno hilo ni la hatari kuliko mnavyodhani. Kiswahili chetu kinalitumia kwa aliyeteleza na kwa aliyeiba. Hakimu analisoma mahakamani, na mtoto aliyemwaga uji anaambiwa neno lilelile. Ukiwa na safu moja inayoitwa kosa na nyingine inayoitwa aliyekosa, basi kila ajali ofisini itamtafuta mtu wa kumvaa, hata kama ni mvua.

Nikaanza kuandika kwa penseli pembeni mwa daftari, herufi ndogo ili Meneja asizione. Kila tukio nilijiuliza limeingilia wapi. Karani aliyelewa akapotosha hesabu: watu. Waya wa simu uliokatwa na wezi wa shaba, tukakaa siku tatu bila kuzungumza na makao makuu: nje. Mashine ya kujumlisha iliyokuwa ikiruka namba saba kila ilipopata joto: mitambo. Fomu iliyotaka sahihi ya mtu aliyehamishwa tangu zamani: taratibu. Niliiita milango minne, na wenzangu, hatimaye hata Meneja, waliponigundua waliniita Mama Milango. Nilijifanya nimechukia. Kwa kweli nililipenda jina hilo na bado nalipenda.

Tukio lililonifundisha zaidi lilitokea dirishani kwa keshia mmoja. Mama mkwe wake, maro kama tunavyosema Kijaluo, alipanga foleni kwake. Mjaluo wa wakati ule hamkazii macho maro wake, sembuse kumwambia atoe kitambulisho mbele za watu. Maskini keshia aliinama kana kwamba ameangusha kalamu, akapitisha fomu bila kuisoma, kumbe kitabu cha akiba alichokuja nacho mama kilikuwa cha jirani yake. Meneja alitaka kuandika watu. Mimi nikamuuliza swali ambalo lilikuja kuwa chombo changu cha kazi: "Bwana, tukimwondoa huyu tukaweka mwingine, na yeye akiwa na maro, hii kitu itarudi au haitarudi?" Meneja alikuna kidevu. Yeye mwenyewe alikuwa na maro, tena mkali. Tukaandika taratibu, na kuanzia juma lile jamaa wa karani alihudumiwa katika dirisha jingine.

Kumbe Mkaguzi Mkuu wa Kanda alikuwa akizisoma penseli zangu kila alipokuja kukagua. Alikuwa mfupi, mkavu wa maneno, na mfuko wa koti lake haukukosa njugu. Siku moja alilifunga daftari akaniuliza, "Nani alikufundisha hii?"

"Mvua, bwana."

Hakucheka, lakini alinipa njugu. Baada ya miezi michache nilikuwa mkaguzi msaidizi, daftari jipya lilichapishwa kwa matawi yote, na safu ya aliyekosa ilikuwa imeondolewa. Mahali pake palikuwa na neno Mlango. Mkaguzi Mkuu aliongeza sharti moja: tukio moja, mlango mmoja. Alisema watu wakiruhusiwa miwili wataandika yote minne, na hakuna kitakachotengenezwa. Nilirudi nyumbani Kendu siku hiyo nikiwa nimelibeba daftari kifuani, nikamwonyesha mama yangu asiyejua kusoma. Alipitisha kiganja juu ya karatasi, akauliza ni wapi mimi niko. Nikamwonyesha neno Mlango.

Basi nikavimba kichwa kidogo. Nasema haya kwa sababu yanahusika. Mwaka uliofuata niliandika mwongozo wa kurasa nne kuhusu kadi za wanachama na bahasha za dhamana. Dhamana ni kitu ambacho mkopaji anaweka kwetu mpaka amalize deni, na kwa wakulima ilikuwa hati ya shamba. Niliagiza kila kadi na kila bahasha iandikwe jina la ukoo kwanza, kisha mkato, kisha jina la mtu mwenyewe. Nikatoa mfano: OBONYO, ELIJA. Nikaagiza pia kwamba mtu akija kuchukua hati yake, karani alinganishe jina lililo kwenye bahasha na lililo kwenye kitambulisho. Chini nikatia sahihi ndefu. Mwongozo ukapelekwa kila tawi, na nikawa napita matawini nikiusifu kama mtoto wangu.

Bwana Elija alikuwa amehamishiwa Migori, karani wa dhamana. Alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu. Alinitumia salamu kwamba kule mawe si mazuri kama ya Asego.

Jumatatu moja Mkaguzi Mkuu aliniita. "Nenda Migori. Hati ya shamba imepewa mtu ambaye si mwenyewe. Meneja anasema karani alihongwa."

"Karani gani?"

"Obonyo."

"Bwana, huyo ndiye alinifundisha kazi. Tuma mtu mwingine."

"Nani mwingine anajua milango?" alisema, akarudi kwenye njugu zake.

Ili muelewe uzito wake: nikiandika mlango wa watu, na pembeni yake nikiongeza maneno kwa makusudi, Bwana Elija angefukuzwa bila mafao. Miaka yake yote ingekwenda hivyo, na siku ya Sabato angesimama mbele ya kanisa lake akiwa mzee aliyekula hongo.

Nilimkuta Migori amekaa kwenye benchi la wageni nje ya ofisi yake mwenyewe. Meneja wa Migori alikuwa amemnyang'anya funguo. Suti ilikuwa ileile.

"Nyathina, umefika," alisema. Mwanangu, aliniita hivyo kwa Kijaluo. "Usinionee huruma. Andika ile utaona."

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mkulima mmoja wa tumbaku, Mkuria kutoka upande wa Kegonga, Chacha Mwita, aliweka hati yake kwetu. Mwanawe mkubwa, Mwita Chacha, anayeishi Kehancha, naye aliweka ya kwake. Mwana akamaliza mkopo, akaja kuchukua hati. Bwana Elija akampa bahasha iliyofungwa kwa lakiri. Mwana akaenda nayo ofisi ya ardhi ili rehani ifutwe. Karani wa huko akaifungua, akamwambia shamba hili ni la baba yako. Habari zikafika nyumbani kabla yake. Ndugu zake wakasema amemhonga karani ili amnyang'anye mzee shamba angali hai, na mapanga yakatoka.

Meneja wa Migori alikuwa kijana wa suruali zilizokaa vizuri. "Madam, hii ni rahisi," aliniambia. "Mtu ametoa title ya mtu. Andika watu, tumalize."

Nikaomba niwaone baba na mwana. Walikuja Jumatano, wakakaa kila mmoja upande wake wa chumba. Mzee alikuwa na gambuti zenye tope na hasira isiyojificha. Nikamuuliza jina.

"Chacha."

"Chacha nani?"

"Chacha Mwita."

"Na huyu?"

"Mwita Chacha."

Nadhani niliangalia karatasi zangu kwa muda mrefu kupita adabu, kwa sababu mzee aligonga sakafu kwa gambuti. "Mama, nyinyi Wajaluo munashindwa na nini? Mimi ni Chacha. Baba yangu ni Mwita. Mtoto ya kwanza ni jina ya babu yake, kwa hivyo mtoto yangu ni Mwita. Na yeye akizaa ni Chacha tena. Hata ng'ombe zangu zinajua."

"Tata, usitukane serikali," mwana alimwambia baba yake.

"Hii si serikali. Serikali iko na akili kidogo."

Mimi sikuwa nasikia tena. Niliinuka, nikaenda masjala, nikavuta kadi zao. Kwa mwongozo wangu, mzee alitakiwa aandikwe MWITA, CHACHA, na mwanawe CHACHA, MWITA. Kadi zilisema MWITA CHACHA na CHACHA MWITA. Mikato haikuwapo. Kadi ya baba ilikuwa imegeuka jina la mwana, na ya mwana jina la baba, na bahasha vilevile. Bwana Elija alichukua kitambulisho cha kijana kinachosema Mwita Chacha, akachukua bahasha inayosema MWITA CHACHA, akalinganisha herufi kwa herufi kama nilivyoagiza, akaitoa. Alikuwa ametii maneno yangu bila kuruka hata moja.

Nikaenda kwenye taipureta. Nikabonyeza kitufe cha mkato. Hakikutoa kitu, kijiti chake kilikuwa kimevunjika. Ndani ya faili ya vifaa nikakuta barua ya Bwana Elija, kwa mwandiko wake wa kusimama wima, akiomba kijiti hicho kitengenezwe. Juu yake Meneja wa Migori alikuwa ameandika: Isubiri.

Nilimwekea barua hiyo mezani. Alibadilika rangi.

"Madam, tusifike mbali. Andika tu watu, bila makusudi. Mzee apewe onyo, aende."

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo panapopimwa mtu wa kazi hii. Mlango wa mitambo ulikuwa wazi mbele yangu. Ningeandika mitambo, Bwana Elija angeokoka, Meneja angeaibika kama alivyostahili, na mwongozo wangu ungebaki safi. Ningekuwa nimesema kitu chenye ukweli ndani yake. Nilitamani kuandika hivyo. Nilishika kalamu nikaandika herufi ya kwanza, m, na nikaona raha.

Halafu nikajiuliza swali langu lilelile la maro. Tukitengeneza taipureta, hii kitu itarudi au haitarudi? Nikachukua kadi tupu, nikaandika kwa mkono MWITA, CHACHA, mkato wake mnono, nikampelekea mlinzi wa mlangoni, Mkuria aliyejua kusoma. "Soma hili jina."

"Mwita Chacha," alisema bila kusita.

Ingerudi. Nilikuwa nimemweka baba upande mmoja na mwanawe upande mwingine, na katikati yao nimeweka alama ndogo kuliko mbegu ya tumbaku. Kwetu ilifaa, kwa kuwa katika Obonyo, Elija kila mtu anajua lipi ni la ubatizo na lipi ni la ukoo. Sikuwahi kuishi na Wakuria, wala sikumuuliza hata mmoja. Na katika kurasa zote nne hakuna mahali nilipoagiza namba ya shamba ilinganishwe. Nilikuwa nimejisifu sana kwa kuondoa safu ya aliyekosa, na sasa nilishukuru kwamba haipo, kisha nikaona aibu kwa kushukuru.

Niligeuza ile m kuwa mstari, nikaandika upya: Mlango: taratibu. Chini yake: Karani alifuata mwongozo kikamilifu. Mwongozo ndio ulioleta hati mikononi mwa asiye mwenyewe. Mwandishi wa mwongozo ni mimi niliyeandika taarifa hii. Nikaweka sahihi, fupi safari hii.

Nilitoka na daftari hadi kwenye benchi. Bwana Elija alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Alipofika mwisho aliinua uso.

"Hukulazimika."

"Baba, ulijiandika kwa sababu ya mvua."

Alitoa leso akapangusa viatu vyake ambavyo havikuwa na vumbi. Mimi nililia waziwazi, na sioni haya kulisema.

Ijumaa ile, mbele ya ndugu wote wa boma lile, mwana alipewa hati yake na ya mzee ikarudi kwetu kama dhamana. Niliwaeleza kosa lilikuwa letu, na mwana hakuhonga mtu. Mzee Chacha alizikagua hati zote mbili, akazipindua, akazipindua tena. "Basi nyinyi ndio mlipotea, si mtoto yangu," alisema, na akamgeukia mwanawe akamwambia kitu kwa Kikuria. Mwana aliangalia chini, kisha wakaondoka wakitembea pamoja. Sikuhitaji mkalimani.

Huko Homa Bay Mkaguzi Mkuu alisoma taarifa yangu mara mbili. "Unajua lazima nikuandikie onyo?"

"Najua, bwana."

"Na cheo kitakawia."

"Najua."

Alinisukumia njugu zote, mfuko mzima. Mwongozo mpya tuliuandika pamoja: jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, halafu namba ya shamba, halafu jina la baba. Kabla ya kuupeleka, niliusomea mlinzi wa Migori, mama muuza omena, dagaa wetu wa ziwani, kutoka Mbita na mchinjaji wa Ogwedhi. Tangu hapo sikuandika utaratibu wowote bila kuusomea mtu atakayeumia ukikosea.

Barua ya onyo ilifika kutoka makao makuu. Niliifungua, nikaangalia jina: OGOLA PERES. Mimi ni Peres Ogola. Ogola ni baba yangu, na alikuwa marehemu tangu nikiwa shule ya msingi. Walikuwa wamempa marehemu onyo, bila mkato. Nilicheka mpaka Mkaguzi Mkuu akachungulia mlangoni. Nikaliingiza tukio hilo kwenye daftari.

Cheo kilikuja, kwa kuchelewa. Niliendelea na kazi hiyo kwa miaka mingi, nikafundisha vijana katika matawi yote ya kanda, na wataalamu walipoanza kuja kutoka Nairobi na karatasi zao za makundi ya hatari, nilizisoma nikatabasamu. Watu, taratibu, mitambo, mambo ya nje. Milango yangu ilikuwa imevaa tai. Najivunia, na sitaomba radhi kwa kujivunia. Ila ukiniuliza ni cheti gani nimekitundika sebuleni, utaikuta barua ile ya onyo ndani ya fremu, kwa jina la baba yangu.

Siku niliyostaafu, Bwana Elija, ambaye alikuwa amestaafu zamani kwa mafao yake yote, alivuka kutoka Rusinga. Alikuwa mzee sana, suti ya kahawia ikimpwaya. Walimwomba aseme neno. Alisimama, akatoa jiwe mfukoni, jiwe la Asego lililooshwa, akaliweka juu ya karatasi zangu za kustaafu kwa sababu dirisha lilikuwa wazi.

"Mimi nilienda nyumbani na jina yangu," alisema. "Hiyo tu."

Akaketi.